Kolofoni: maneno ya mwisho katika vitabu vya kwanza vya Kiebrania

Chukua kitabu cha Kiebrania kilichopigwa chapa mwaka 1475, kisha kifungue kama unavyofungua gazeti lako. Utaangukia ukurasa wa mwisho, kwa sababu Kiebrania husomwa kutoka kulia, kama msahafu. Ila kama unachotaka ni kujua kitabu kimetoka wapi, umefungua penyewe. Hapo ndipo ilipo kolofoni.

Kolofoni ni maneno machache ya mpiga chapa mwishoni mwa kitabu: jina lake, mji wake, siku aliyomaliza kazi. Vitabu vya wakati huo havikuwa na ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu. Wapiga chapa walifuata desturi ya wanakili wa miswada, ambao walijitaja wakishaweka kalamu chini. Aliyezoea tenzi za kale za pwani hatashangaa, maana huko nako mtunzi hujitaja kwenye beti za mwisho, mara nyingine pamoja na mwaka wa Hijra.

Mwaka huo wa 1475 ndio wa vitabu viwili vya kwanza vya Kiebrania vilivyopigwa chapa vikiwa na tarehe, vyote Italia. Februari, mjini Reggio di Calabria, ulitoka ufafanuzi wa Torati wa Rashi, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya kumi na moja. Julai, katika mji mdogo wa Piove di Sacco, ikamalizika Arba'ah Turim ya Yaakov ben Asher. Hiki cha pili ni kitabu cha sheria za Kiyahudi hasa: sala na Sabato, vyakula vilivyo halali na vilivyo haramu, ndoa na talaka, mali na madeni. Jina lake maana yake ni safu nne, kwa kukumbuka safu nne za vito kifuani mwa kuhani mkuu katika Kutoka 28.

Tarehe zenyewe zina ufundi wake. Kila herufi ya Kiebrania ni namba pia, sawa na hesabu ya abjadi. Ukikuta reshi (200), lamedi (30) na he (5), hiyo ni 235. Elfu tano haikuandikwa, kila msomaji aliijua. Mwaka kamili ni 5235 tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Jumlisha 235 na 1240, unapata 1475. Lakini angalia mwezi, kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi huanza karibu na Septemba, na kwa miezi yake ya mwanzo unaongeza 1239 tu. Wengine hawakuridhika na namba kavu. Walitafuta aya ya Biblia, wakazikuza au kuzitia nukta herufi ambazo jumla yake ni mwaka ule.

Arba'ah Turim hiyohiyo ilipigwa chapa tena Istanbul na ndugu wawili wa ukoo wa Ibn Nahmias. Kolofoni yake inasema 5254, yaani Desemba 1493. Baadhi ya wanazuoni waligoma kuamini: Wayahudi wamefukuzwa Hispania 1492, iweje mwaka mmoja baadaye wawe na mtambo na kitabu kikubwa namna ile? Wakasema tarehe imekosewa miaka kumi. Baadaye karatasi na herufi zilipochunguzwa, ikaonekana mpiga chapa alisema kweli. Barani Afrika, kitabu cha kwanza kinachojulikana kupigwa chapa ni cha Kiebrania pia: Sefer Abudarham, kuhusu sala na taratibu zake, Fez nchini Moroko, 1516.

Kolofoni ninayoipenda kuliko zote ni ya Mantua, Italia, yapata 1476, kwenye kijitabu cha maadili kiitwacho Behinat Olam. Aliyesema humo ni mwanamke. Estellina, mke wa mpiga chapa Abraham Conat, anatamka kwamba yeye ndiye "aliyekiandika", akisaidiwa na kijana Jacob Levi wa Tarascon. Kaandika? Alipiga chapa! Lakini kazi ilikuwa mpya mno hata neno lake halijatulia. Mumewe alisema vitabu vyake vimeandikwa kwa kalamu nyingi, bila muujiza.

Ukurasa huo wa mwisho ulikuja kupata mgeni. Baada ya Talmudi, mkusanyiko mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, kuchomwa moto Roma mwaka 1553, vitabu vya Kiebrania nchini Italia vilipitishwa kwa wakaguzi wa Kanisa. Mkaguzi alifuta kwa wino mistari aliyoiona inautukana Ukristo, kisha akatia sahihi na mwaka mwishoni, jirani na kolofoni. Jina la Domenico Gerosolimitano, aliyezaliwa Myahudi Yerusalemu kabla ya kubatizwa, limejaa katika vitabu hivyo. Mahali pengine wino wake umekula karatasi. Pengine umepauka, na maneno aliyoyafuta yanasomeka tena.