Tetekuwanga, Surua, Ndui na Mpox: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba tetekuwanga ni ndui iliyopungua makali, au ni surua yenye malengelenge. Ukweli ni kwamba kirusi cha tetekuwanga kimo katika jamii ya herpesi, ambayo haina udugu na virusi vya surua wala vya ndui, ilhali ndui na mpox, ambayo wengi huiita homa ya nyani, ni za ukoo mmoja. Ndiyo maana chanjo ya surua wanayopewa watoto wa Tanzania na Kenya wakiwa na miezi 9, kisha 18, haiwakingi na tetekuwanga.

Wengine huamini kwamba vipele vikishaonekana, ugonjwa umejulikana. Surua hutanguliwa na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele huanzia usoni na kushuka mwilini. Vya tetekuwanga huwasha, hujaa maji na huchomoza kwa awamu, hata ukakuta kipele kichanga, lengelenge na kigaga mahali pamoja, na huwa vingi zaidi kifuani na mgongoni. Vya ndui vilikua kwa pamoja, vikasongamana usoni, mikononi na miguuni. Vya mpox hutokea pia viganjani na nyayoni, na aghalabu tezi huvimba. Hata hivyo, tofauti hizi huwaponyoka hata wataalamu. Mwezi Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliambiwa ana tetekuwanga akaruhusiwa kwenda nyumbani, kumbe alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Leo nchini Kongo tetekuwanga na mpox huchanganywa vivyo hivyo, na wapo wanaougua yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwamuzi ni maabara.

Si kweli pia kwamba tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto usio na madhara. Watoto wengi hupona bila shida, lakini mtu mzima huweza kupata nimonia, na mjamzito ambaye hajawahi kuugua anapaswa kumwona daktari mara tu anapokaribiana na mgonjwa. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini, kwa kuwa inahusishwa na madhara mabaya ya ubongo na ini.

Dhana inayoumiza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kwamba mkanda wa jeshi ni uchawi au ushahidi wa UKIMWI. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga, kilichojificha kwenye neva tangu mgonjwa alipopona, kikaamka kinga ilipopungua kwa uzee, maradhi au VVU. Kupima VVU ni busara, ila mkanda wenyewe si kipimo. Mwenye mkanda hamwambukizi mwenzake mkanda. Majimaji ya malengelenge yake humpa tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuiugua wala kuchanjwa.

Mgonjwa wa tetekuwanga, kwa upande wake, huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutokea, na huendelea mpaka vyote vikauke.