Ameokoka, Mbona Bado Anakunywa? Dhana Potofu Kuhusu Waamini Wapya na Tabia za Zamani

Katika makanisa mengi ya Mwanza, yawe makubwa ya katikati ya mji au mabanda ya mabati yaliyo jirani na mialo ya wavuvi, hakuna kinachowavunja moyo viongozi kama mtu aliyeongozwa sala ya toba Jumapili, akashangiliwa na kanisa zima, kisha akaonekana kilabuni kabla ya Jumapili nyingine kufika. Yanayosemwa juu yake baada ya hapo hufanana karibu kila mahali, na mengi hayana msingi katika Maandiko wala katika yale yanayojulikana kuhusu mwili wa binadamu.

Dhana: Aliyeokoka kweli huacha yote siku ileile.

Wapo wanaoacha siku hiyohiyo, na hao ndio wanaopewa nafasi ya kushuhudia. Wanaochukua miaka hawaitwi mbele kueleza, na kwa sababu hiyo tunadhani hawapo. Agano Jipya lenyewe halifichi jambo hili. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasimulia jinsi watu wa Efeso walivyoteketeza vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na inasema waziwazi kwamba waliokuja kuungama matendo yao siku hizo walikuwa watu walioamini tayari, huku Paulo akiwa amefundisha mjini humo kwa takriban miaka miwili. Wakorintho nao wanaitwa watakatifu mwanzoni mwa waraka wa kwanza, na kufikia sura ya 3 wanaambiwa kuwa bado ni watoto wachanga wa kunyweshwa maziwa, kwa sababu ya husuda na fitina zao.

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers, waliofungua kituo chao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, walikuwa chini ya agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu afundishwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa. Sishauri kila kanisa liige muda huo, lakini ni wazi kwamba waliouweka hawakutarajia mtu abadilike kwa wiki moja.

Dhana: Mlevi aliyeokoka akianza kutetemeka na kuona vitu, hayo ni mapepo yanatoka.

Dhana hii ni ya hatari kuliko zote, kwa maana inaweza kuua. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akikata ghafla, huweza kuanza kutetemeka mikono, kutokwa na jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na usingizi kupotea, ndani ya saa 6 hadi 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Katika siku 2 za kwanza anaweza kupatwa na degedege, na baadhi yao, kati ya siku ya 2 na ya 4, huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani au wakazungumza na watu wasiokuwepo. Sababu yake ni kwamba ubongo uliozoea kupoozwa na pombe kila siku ulikuwa umejiongezea nguvu ya kushindana nayo, na pombe inapoondoka ghafla, nguvu ile hubaki bila kizuizi.

Mtu wa namna hii akifungiwa chumbani na kufungishwa siku tatu bila chakula wala maji, anaongezewa hatari. Anapaswa kupelekwa hospitalini, iwe Bugando, Sekou Toure au kituo chochote cha afya kilicho karibu, ambako hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu pamoja na vitamini B1. Maombi hayazuiwi na kitanda cha hospitali. Mchungaji anaweza kuketi palepale kando ya mgonjwa.

Dhana: Siku 21 zinatosha kubadili tabia.

Namba hii imesambaa sana, hata katika ratiba za mifungo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ulikadiria wastani wa siku 66 ili tendo dogo la kila siku, kama kunywa maji au kutembea, liwe mazoea, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: siku 18 kwa mmoja, 254 kwa mwingine. Kumbuka kwamba hayo yalikuwa mambo mepesi tena mema.

Dhana: Anaanguka ovyo tu, kwa kuwa hana nia.

Anayekaa karibu na mwamini mpya hugundua kwamba maanguko mengi yana majira yake. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwa taa ndiyo inayowavuta dagaa. Mbalamwezi ikishamiri, taa hazifai kitu, mitumbwi hupumzika, hesabu hufanywa na tajiri mwenye mitumbwi, na vijana hushuka mwaloni wakiwa na fedha mfukoni na siku kadhaa bila kazi. Mchungaji anayemtembelea wakati wa giza na kumsahau wakati wa mbalamwezi anamlinda siku ambazo hazina hatari. Ni afadhali kupanga mapema: malipo yatumwe kwa simu moja kwa moja kwa mke, nyavu zishonwe pamoja na ndugu wa kanisani, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye atakayepigiwa simu jioni kiu itakapokuja.

Dhana: Kuvumilia ni kuibembeleza dhambi.

Wagalatia 6:1 inaagiza aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole, na kurejeza ni kazi, wala si kunyamaza. Hirizi iliyofungwa kwenye mtumbwi iitwe kwa jina lake, lakini mwenyewe aikate kwa mkono wake atakapoelewa. Ikikatwa na mzee wa kanisa, samaki wakiadimika wiki moja tu atarudi kwa mganga kutafuta nyingine. Kwa aliyekuwa akiishi na mwanamke bila ndoa, haraka huzaa dhuluma: wapo wanaoshauriwa "kuacha dhambi" wakamwacha mama na watoto bila matunzo, jambo ambalo sioni linavyoweza kuitwa toba. Na uvumilivu una mipaka yake halali. Mwamini mpya anayepambana na kamari asipewe kushika sadaka, na anayewapiga watu wa nyumbani kwake asivumiliwe kwa gharama ya mifupa yao: mke na watoto wapelekwe kwanza mahali salama, na dawati la jinsia la polisi lijulishwe, ndipo mafundisho yake yaendelee.