Je, wajua? Baruti ya Dimitsana ilitwangwa ikiwa na maji

Dimitsana ni kijiji cha nyumba za mawe katika milima ya Arcadia, kusini mwa Ugiriki, takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 1.5 hivi kutoka kijijini, kwenye barabara ya kwenda Stemnitsa, kuna Makumbusho ya Nguvu za Maji. Maji ya chemchemi hushuka mteremkoni na kufanya kazi zaidi ya moja njiani: yanasaga nafaka, yanasafisha na kukaza vitambaa vya sufu, yanahudumia kiwanda cha ngozi. Kuna pia kinu cha baruti, na hapo ndipo wageni wengi huelewa vibaya.

Wakiona gurudumu likizunguka na michi ikipanda na kushuka, huamini kwamba kazi ya maji iliishia kwenye gurudumu, na kwamba kilichokuwa ndani ya vinu kilikuwa kikavu kama unga wa mahindi. Dhana hiyo ina mantiki yake, kwa sababu kila mtu amesikia kwamba baruti ikilowa imeharibika. Ni kweli, lakini kwa baruti iliyokwisha kukamilika. Baruti inayotengenezwa huhitaji maji ndani ya kinu chenyewe, kwa sababu mbili: moja ni usalama wa mtwangaji, nyingine ni nguvu ya baruti. Ya kwanza inaeleweka haraka. Mchanganyiko mkavu unapotwangwa hutoa vumbi, na cheche moja ya chuma kwenye jiwe inatosha kulipua jengo zima. Ukiwa na unyevunyevu, vumbi halipandi, na cheche haisambai kirahisi. Ya pili ndiyo inayostahili subira.

Baruti nyeusi ina vitu vitatu. Kwa uzito, kipimo kinachotajwa zaidi ni sehemu 75 za shura (chumvi ya nitrati ya potasiamu), 15 za makaa na 10 za salfa. Makaa na salfa ndivyo vinavyoungua, na shura ndiyo inayovipa oksijeni, kwa hiyo moto hauhitaji kusubiri hewa ya nje. Lakini oksijeni hiyo husaidia tu ikiwa shura imelikaribia kaa kabisa. Ukizisaga kavu, hata ziwe laini namna gani, chembe ya shura inabaki kando ya chembe ya kaa, na mchanganyiko unaungua polepole, kwa moshi mwingi.

Fikiria karanga za chumvi. Ukikaanga karanga kavu kisha ukanyunyiza chumvi juu, nyingi itadondoka na kubaki chini ya bakuli, na karanga zenyewe zitakuwa na ladha hafifu. Muuzaji anayejua kazi yake huzilowesha kwanza katika maji ya chumvi. Maji hubeba chumvi hadi kwenye ngozi na mipasuko ya karanga, kisha moto huyafukuza maji na chumvi inabaki imeng'ang'ania. Shura nayo huyeyuka katika maji, na kaa limejaa vitundu. Kila pigo la mchi husukuma maji ya shura ndani ya vitundu hivyo. Yakikauka, shura huganda humohumo. Salfa haiyeyuki katika maji, kwa hiyo yenyewe hutegemea mapigo tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutwanga kwa saa nyingi.

Kiasi cha maji ndipo penye ufundi. Tonge linapaswa kushikana mkononi bila kudondosha tone. Maji yakizidi, wakati wa kukauka shura hutoka na kuganda juu kama ukungu mweupe, imeachana tena na kaa. Yakipungua, vumbi linarudi na hatari yake. Tonge likishakuwa tayari hupitishwa kwenye chekeche ili liwe punje, kisha punje hukaushwa mbali na moto. Punje huacha nafasi kati yake, na mwali hupita katika nafasi hizo na kuziwasha karibu kwa pamoja.

Shura yenyewe ilipatikana kwenye udongo wa mapango na mazizi ya mbuzi na kondoo. Udongo huo ulichujwa kwa maji, ukatiwa majivu, ukachemshwa, kisha maji yakaachwa yapoe. Gramu 100 za maji yanayochemka hubeba shura takriban gramu 246, lakini maji ya nyuzi 0 hubeba takriban 13 tu. Hivyo yakipoa shura hujitenga, huku chumvi ya kawaida ikibaki ndani ya maji.

Vita vya uhuru vya Ugiriki dhidi ya utawala wa Waosmani vilipoanza mwaka 1821, ndugu wawili wa kijijini, akina Spiliotopoulos, walisimamia kazi hii, na vinu vinavyotajwa kwa kawaida ni 14. Jemadari Theodoros Kolokotronis naye ameitaja baruti ya Dimitsana katika kumbukumbu zake, ingawa alizisimulia mwaka 1836, miaka 15 baadaye. Risasi zilihitaji pia karatasi ya kufungia baruti, na vitabu vingi vya maktaba ya kijiji, ambayo chanzo chake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1764, viliraruliwa kwa kazi hiyo. Vilivyosalia vimo katika maktaba ya Dimitsana hadi leo.

Kwa safari ya siku moja, anza asubuhi na makumbusho, kisha ushuke korongo la mto Lousios. Upande mmoja kuna monasteri ya Prodromos iliyobanwa kwenye jabali. Ng'ambo ya mto kuna magofu ya monasteri ya kale ya Philosophou, iliyoanzishwa mwaka 963. Anayependa kutembea afuate sehemu ya kwanza ya Menalon, njia ya miguu ya milimani, kutoka Stemnitsa hadi Dimitsana: kilomita 12.5, saa 5 hivi bila kuhesabu mapumziko. Inashuka hadi mtoni kisha inapanda tena, kwa hiyo weka akiba ya nguvu kwa ajili ya mwisho, na uvae viatu vinavyoshika vizuri kwenye mawe. Jumanne makumbusho hufungwa; siku hiyo nenda korongoni moja kwa moja.