Mimba ya mapacha: kilo zinatakiwa mapema

Altrasaundi ikionyesha mapacha, swali la kwanza huwa si la chakula. Mama huuliza kama itabidi ajifungue kwa upasuaji, mama mkwe huuliza ni wa kike au wa kiume. La chakula huja mwezi wa saba, tumbo limeshabana, na sisi maafisa lishe tumebaki na muda mchache wa kusaidia.

Mapacha hawasubiri wiki 40. Wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 38, na wengi huwa chini ya kilo 2.5. Kwa hiyo una siku chache kuliko mwenye mtoto mmoja, na kilo za kuongeza ni nyingi zaidi. Akiba ambayo mwili unaiweka katika nusu ya kwanza ya mimba ndiyo watoto wataitegemea baadaye, wakati mfuko wa uzazi umepanda hadi mbavuni na matonge matano ya ugali yanatosha kukushibisha.

Kilo ngapi? Inategemea ulianza na ngapi. Chukua uzito wako wa kabla ya mimba, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu ligawe tena kwa urefu huohuo. Mama wa kilo 58 mwenye mita 1.60 anapata 22.7. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009, ambao wataalamu wengi bado wanautumia, unasema mwenye jibu kati ya 18.5 na 24.9 aongeze kilo 17 hadi 25 kwa mimba ya mapacha. Mwenye 25 hadi 29.9 aongeze kilo 14 hadi 23, na mwenye 30 na zaidi kilo 11 hadi 19. Walio chini ya 18.5 hawakuwekewa kiwango kwa kuwa takwimu hazikutosha. Hao huhitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Kwa mtoto mmoja, mama wa uzito wa kawaida huongeza kilo 11.5 hadi 16, kwa hiyo mapacha si mara mbili yake.

Tabu ni kwamba wengi huanza kliniki mwezi wa tano bila kujua walikuwa na kilo ngapi. Ndiyo maana nasisitiza mahudhurio ya mapema. Na ukipanda mizani, vua viatu na uweke mkoba pembeni. Nimeona simu, funguo na chupa ya maji vikiandikwa kwenye kadi kama uzito wa mimba.

Kinachotakiwa ni kama kalori 600 kwa siku juu ya mlo wako wa kawaida. Hizo ni kikombe kikubwa cha uji wa maziwa na karanga, yai la kuchemsha, nusu parachichi na ndizi mbivu. Usivile vyote kwa mkupuo. Gawa mlo mara tano au sita, kwa sababu sahani moja iliyojaa pomoni itakuletea kiungulia tu. Maharage, dagaa na mboga za majani viwepo kila siku. Chai iachwe mbali na mlo, maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa, na vidonge vya kuongeza damu usiviache hata kama vinakusumbua tumbo: mwambie muuguzi, akushauri namna ya kuvimeza.

Kuhusu mayai: hayamfanyi mtoto azaliwe bila nywele. Bibi zetu walitufundisha mengi mazuri, hili siyo mojawapo. Na ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni kwa vijiti, najua hamu yake ilivyo, lakini unapunguza chuma mwilini na unaweza kubeba minyoo au madini ya risasi (lead). Hamu hiyo mara nyingi huenda na upungufu wa damu, hivyo pima damu kwanza.

Tangu mwezi wa nne, nusu kilo hadi robo tatu kwa wiki ni mwendo mzuri kwa mama wa uzito wa kawaida. Lakini kilo mbili zikiongezeka ndani ya wiki moja, pete ikakataa kutoka kidoleni, uso ukavimba, kichwa kikauma au macho yakaona ukungu, hizo huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, ambacho wenye mapacha wako katika hatari zaidi kukipata. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni keshokutwa.