Kukimbia Kwenye Theluji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukihamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kutoka Nairobi au Arusha, ushauri kuhusu baridi utaupata kabla hujafungua sanduku. Mkimbiaji ndiye hutishwa zaidi, na mara nyingi hutishwa kwa jambo lisilo lenyewe.

"Mapafu yataganda."

Hayagandi. Hewa ikipita puani na kooni hupashwa joto na kutiwa unyevu, hata ikifika ndani ya mapafu inakaribia joto la mwili. Kikohozi kinachokushika baada ya mbio husababishwa zaidi na ukavu wa hewa, unaobana njia za pumzi. Mwenye pumu ndiye wa kujihadhari: azungumze na daktari, afunike mdomo kwa skafu nyepesi na asiache nyumbani dawa yake ya kuvuta.

Kinachoganda ni ngozi. Baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Maelezo mengi husema utaona ngozi imekuwa nyeupe au nyekundu, kana kwamba wakimbiaji wote ni Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi huenda ukaona kijivu kilichopauka tu, au usione kitu. Basi usingoje rangi: pua, sikio au kidole kikifa ganzi, ingia ndani. Wala usikisugue kwa theluji, dawa hiyo ya kale huzidisha jeraha.

"Vaa kila ulicho nacho."

Hapa ndipo wengi huumia. Ukivaa mazito utatoka jasho, na nguo iliyolowa hukupokonya joto mara tu unapopunguza mwendo. Fulana ya pamba ni mbaya kuliko zote kwa sababu hunywa maji na kukauka polepole. Ya ndani iwe ya sufu au polyesta, ya juu izuie upepo. Ukitoka mlangoni usihisi baridi hata kidogo, umezidisha. Anza kwa kuukabili upepo, urudi ukiupa mgongo, ili usije ukapulizwa kifuani ukiwa umeshalowa jasho.

"Theluji ndiyo inayoteleza."

Theluji mpya iliyoshindiliwa kidogo hushika kiatu vizuri tu. Ogopa siku ya jua: theluji huyeyuka mchana, usiku maji yale huganda tena yakawa utando wa barafu usioonekana, nawe unadhani ni lami iliyolowa. Chumvi inayomwagwa barabarani nayo haifai kitu kikubwa baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri. Vaa vyuma vya kuzuia kuteleza juu ya raba, na fupisha hatua.

Gari nalo linateleza. Kwenye barafu linaweza kuhitaji umbali mara kumi zaidi kusimama, na Desemba jua la Minneapolis, mji mkubwa wa Minnesota, huzama kama saa kumi na nusu jioni. Taa kichwani na mavazi yanayoakisi mwanga si mapambo.

"Sisi hatukuumbwa kwa baridi."

Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alishiriki mbio za ski (mbao za kutelezea thelujini) za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, kweli, lakini alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Mavazi na mazoea hufanya kazi kubwa kuliko asili.

"Hakuna jua, hakuna kiu."

Baridi huficha kiu, lakini jasho linatoka vilevile. Kunywa.

"Ziwa limeganda, ni uwanja wa bure."

Mamlaka za Minnesota hutaka barafu mpya, angavu, yenye unene usiopungua sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga, na barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu zaidi. Tena theluji iliyolala juu huikinga barafu na baridi, ikachelewa kunenepa. Unene haupimwi kwa macho, na mkimbiaji hatembei na keekee. Njia zinazozunguka maziwa ya mjini Minneapolis huondolewa theluji, kwa hiyo kimbilia huko.