Je, wajua kwa nini programu iliyojengeka jana inagoma leo bila mtu kugusa msimbo?

Jioni umeacha programu imejengeka vizuri, yaani msimbo umekusanywa ukawa programu inayofanya kazi, majaribio yote yamepita. Asubuhi mwenzako anapakua msimbo uleule kwenye kompyuta yake, anaamuru ijengwe, inagoma. Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja. Kilichobadilika kiko nje ya msimbo wenu.

Siku hizi ni nadra kukuta programu ambayo wenyewe wameiandika yote. Kupanga tarehe, kufungua picha, kuwasiliana na hifadhidata: kazi hizo wengine wameshaziandika na kuziweka kwenye hazina za wazi kama npm kwa lugha ya JavaScript, PyPI kwa Python na Maven Central kwa Java. Wewe unaorodhesha maktaba unazozihitaji, yaani vifurushi hivyo vya msimbo ulioandikwa tayari, unaletewa. Nazo zinategemea maktaba nyingine, na hizo nyingine tena. Ukiomba tano, unaweza kupokea mamia.

Sasa tazama mstari mmoja tu wa orodha hiyo. Kwenye npm, ukiandika ^1.4.2 hujaomba toleo la 1.4.2. Umeomba lolote kuanzia hilo, mradi lisifike 2.0.0, na kwa kawaida utapewa jipya kuliko yote. Msingi wake ni makubaliano ya namba tatu: ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja matumizi ya zamani, ya pili kinapoongezwa kitu kipya, ya tatu kosa linaporekebishwa. Ni makubaliano mazuri, lakini ni ahadi ya binadamu. Hakuna kinachomzuia mtu kuharibu matumizi ya zamani ndani ya 1.4.3 bila kukusudia. Toleo hilo likitoka usiku, wewe una 1.4.2, mwenzako ana 1.4.3, na nyote mmefuata orodha ileile.

Ndiyo maana kuna faili la kufuli: package-lock.json kwa npm, Cargo.lock kwa lugha ya Rust, Gemfile.lock kwa Ruby. Humo huandikwa toleo kamili la kila kifurushi, hata vile ambavyo hukuviomba mwenyewe. Faili la npm huongeza alama ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye kifurushi. Yakibadilika hata kidogo, alama hailingani na usakinishaji unasimama. Nawaona watu wakilifuta faili hili kila linapoleta mgongano wakati wa kuunganisha kazi za watu wawili, na inaniuma, kwa sababu wanafuta kumbukumbu ya kile hasa kilichofanya kazi. Lihifadhi pamoja na msimbo wako. Kwenye seva ya kujengea, tumia npm ci badala ya npm install: hiyo hufuata kufuli, na kama orodha na kufuli havipatani, hukataa kuendelea.

Hata hivyo, kufuli haliwezi kukuletea kitu kisichokuwepo. Machi 2016 mwandishi wa programu Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm baada ya mzozo juu ya jina la kimojawapo. Ndani yake kulikuwa na left-pad, mistari 11 ya msimbo inayojaza upande wa kushoto wa maandishi mpaka yafikie urefu unaotakiwa, kama vile kuigeuza 7 iwe 007. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka, ukiwemo Babel, chombo maarufu cha kutafsiri msimbo wa JavaScript, na wengi walioathirika hawakuwa wamewahi kulisikia jina la left-pad. npm ilikirudisha baada ya saa chache, kisha ikakaza masharti ya kuondoa vifurushi. Kwa kazi nyeti, mimi nashauri kuweka nakala za maktaba zako kwenye hazina unayoimiliki.

Na ukishafunga matoleo, usisahau kuyafungua ili uyasasishe. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyomwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva ya mtu kwa kutuma maandishi tu. Kuisasisha kulikuwa kazi ndogo. Kilichotesa timu nyingi ni kujua kama wanayo, maana ilikuwa imefichika ndani ya maktaba nyingine, tabaka la tatu au la nne. Kama unajenga programu za Java kwa Maven, andika mvn dependency:tree utaona mti mzima. Kwa npm ni npm ls --all. Jaribu leo kwenye mradi wako, uhesabu majina mangapi unayafahamu.