Ushiriki wa kiraia wa vijana: kushiriki si kushirikishwa

Neno "raia" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake ni wa uchungaji: lilitaja kundi linalochungwa, kisha likawataja watu walio chini ya mtawala. Leo maana imehama. Raia ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake, na mwenye sauti juu ya namna inavyoongozwa. Lakini sikiliza vijana wanavyozungumziwa majukwaani, utagundua kwamba harufu ya zizi haijaisha.

Ushiriki wa kiraia wa vijana ni yale yote anayofanya kijana, peke yake au na wenzake, ili maamuzi yanayoigusa jamii yawe na mkono wake. Kura imo. Imo pia kuhudhuria kikao cha mtaa, kuandika barua kwa mwakilishi, kuandamana, kujitolea, kukagua matumizi ya fedha za umma, hata kukataa kununua bidhaa kwa sababu ya mwenendo wa anayeitengeneza.

Kijana ni nani? Inategemea unamuuliza nani. Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu, huhesabu miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2006, unasema 15 hadi 35. Kwa hiyo mtu wa miaka 30 anaweza kuwa kijana katika hati moja na mtu mzima katika nyingine, siku hiyohiyo.

Kuhusu uraia wenyewe, mwanasosiolojia Mwingereza T. H. Marshall aliugawa mwaka 1950 katika haki za aina tatu: za kiraia, kama uhuru wa kusema na usawa mbele ya sheria, za kisiasa, yaani kuchagua na kuchaguliwa, na za kijamii, kama elimu. Mgawanyo huu unaonyesha nafasi ya ajabu aliyo nayo kijana wa miaka 16. Yuko shuleni kwa haki ya kijamii, na akivunja sheria anaweza kufikishwa mahakamani, lakini katika nchi nyingi mlango wa kisiasa bado umefungwa. Ndiyo maana usemi wa "vijana ni taifa la kesho" haunifurahishi. Sheria inambana leo.

Sasa tuje kwenye tofauti ambayo sarufi yetu inaieleza vizuri kuliko hotuba nyingi. Kushiriki ni kitendo cha mwenyewe. Kushirikishwa ni kutendewa: kuna mtu mwingine aliyeamua nani aitwe, lini, na aongee dakika ngapi. Roger Hart, mtafiti wa masuala ya watoto, katika andiko lililotolewa na UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya vipandio 8 vya ushiriki wa watoto na vijana, akifuata ngazi ya ushiriki wa raia kwa jumla iliyochorwa na Mmarekani Sherry Arnstein mwaka 1969. Vipandio vitatu vya chini Hart hakuvihesabu kuwa ushiriki: vijana kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Pambo tunalijua sote. Wanapewa fulana, wanaimba, wanapigwa picha na mgeni rasmi, na maazimio yalishachapishwa jana yake. Kwenye kipandio cha juu kabisa vijana ndio huanzisha jambo, na uamuzi hufanywa pamoja na watu wazima.

Kipimo changu ni swali moja: je, walichosema vijana kingeweza kubadilisha uamuzi? Mwaka 2014 jiji la Boston, Marekani, liliwaachia wakazi wa miaka 12 hadi 25 waamue matumizi ya dola milioni 1 za bajeti ya jiji. Walipendekeza miradi, wakaichambua, wakaipigia kura. Hapo jibu ni ndiyo.

Njia nyingine ni kushusha umri. Brazili iliruhusu kura ya hiari kuanzia miaka 16 katika katiba ya 1988, na Austria ikashusha hadi 16 mwaka 2007. Kuchaguliwa ni suala jingine, na mara nyingi umri wake huwa juu zaidi. Nigeria ilirekebisha katiba mwaka 2018 ili mtu agombee urais akiwa na miaka 35 badala ya 40, na Baraza la Wawakilishi akiwa na 25 badala ya 30.

Je, vijana hawajali siasa? Wengi hawana kadi ya chama, lakini kadi si kipimo pekee. Kusaini ombi kwa simu nako ni kushiriki, mradi lifike kwa mwenye uamuzi; likiishia kwenye kusambazwa miongoni mwa wanaokubaliana tayari, ni gumzo. Na aliyeandika mara tatu bila kujibiwa, akanyamaza, simwiti asiyejali.

Ushiriki haungoji pasipoti pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa kila mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mtoto wa mkimbizi hana kura mahali anapoishi, lakini kifungu hicho kinamhusu.